Maiki yako haisikiki? Acha busti kwanza

Hili swali la maiki naulizwa sana na wana ninaocheza nao kwahiyo leo naliandika lote hapa niwe natuma linki tu. Kila mtu anakuja nalo vilevile, "kaka wenzangu wanasema hawanisikii, nimeshapandisha mpaka mwisho bado, nifanyeje?" na jibu langu huwa linawakera maana naanza kwa kuwaambia washushe busti, yaani ile slaida ya ziada ya Windows inayokuza sauti ya maiki.

Iko hivi. Sauti yako inapita vituo kadhaa kabla haijamfikia mwenzako, inatoka mdomoni inaingia kwenye maiki, inaenda Windows, halafu Discord (ile programu ya kuongea na wenzako mkicheza) au voisi ya ndani ya gemu, na karibu kila kituo kina slaida yake ya kupandisha na kushusha. Ikiharibika huku mwanzoni, kule mbele hakuna wa kuitengeneza. Kwenye kompyuta sauti ina dari, inaitwa 0 desibeli (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na chini ya dari namba zinaandikwa kwa hasi), ukigonga pale mawimbi yanakatwa vichwa na ndo ule mkwaruzo unaousikia mtu akipiga kelele. Sasa wewe ukishausababisha huku Windows halafu uende Discord kushusha, wenzako watausikia mkwaruzo uleule ila kwa sauti ya chini.

Kwahiyo anza na mdomo. Watu wengi kimaiki kimekaa shavuni kabisa au kimekunjwa juu kwenye paji la uso halafu wanalalamika. Kilete karibu na kona ya mdomo, vidole viwili hivi, ila kisiwe mbele ya midomo maana ukisema "piga" au "panda" ule upepo wa P unagonga maiki na kila mtu anaruka. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata kama desibeli 6 za bure, na hizi ni za sauti yako peke yake, kelele za chumbani zinabaki palepale zilipokuwa. Hakuna setingi yoyote itakayokupa kitu kama hicho.

Ndo uende Windows. Setingi za kawaida zinakuonyesha slaida moja tu, mimi napita njia ya zamani: kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, enta, nenda tabu ya kurekodi, bofya mara mbili maiki yako halafu fungua tabu ya viwango. Kama hedseti yako ni ya pini kuna uwezekano mkubwa ukakuta slaida mbili, ya kawaida ya 0 mpaka 100 na chini yake ndo hiyo busti, inapanda kwa kuruka, 10, 20, 30. Hizo ni desibeli na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukiweka 20 umezidisha mawimbi mara 10, ukiweka 30 ni kama mara 32. Na busti haichagui, inazidisha sauti yako, inazidisha feni, inazidisha jirani anayetwanga, yote mara 32 jamani, ndo maana mtu akiwasha maiki unasikia shuuuuu kabla hajasema hata neno.

Weka busti sifuri, slaida ya juu kwenye 80 hivi, halafu jipime. Na hapa ndo watu wengi wanajidanganya, wanajipima kwa "haloo, haloo, moja mbili" ya upole kama wako kwenye usaili wa kazi, wakiingia mechi wanaunguruma. Jipime kwa sauti ya mechi. Fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure, bonyeza kurekodi halafu piga kelele ileile unayopiga ukiuliwa na mtu aliyejificha nyuma ya mlango, huku unaangalia kipimo. Vilele vikicheza kati ya -12 na -6 uko vizuri. Vikigonga 0 kipimo kinakuonyesha rangi nyekundu, shusha. Vikikaa huko -30 na maiki iko karibu na mdomo, hapo sawa, ongeza busti ya 10, ya 20 ikibidi kweli. 30 mimi sijawahi kuona inamsaidia mtu.

Halafu feni. Siwezi kumwambia mtu wa Dar azime feni mwezi wa pili, huo utakuwa uonevu. Ila feni inaingia kwenye maiki kwa njia mbili, kuna mlio wake na kuna upepo wenyewe unaopiga maiki, na upepo ndo mbaya zaidi. Geuza feni ikupige mgongoni au hamishia kimaiki upande wa pili wa uso, na kile kisponji cha mbele usikitoe, kazi yake ndo hiyo.

Kinachobaki ndo unamwachia Discord. Ina kile kipengele cha usikivu ambacho chenyewe kinaamua sasa hivi unaongea au umenyamaza, toa kwenye otomatiki uweke mwenyewe. Nyamaza uangalie feni inafika wapi kwenye ule mstari, tuseme -55, halafu ongea kawaida uone, tuseme -25, basi weka mpaka wako kwenye -45 hivi, karibu na feni kuliko sauti yako. Huo mpaka ni kama mlango, sauti ikiuvuka ndo inapita. Ukiuweka juu sana, mlango unachelewa kufunguka na inaliwa silabi ya kwanza, na kwa Kiswahili silabi ya kwanza ndo imebeba mzigo wote. Tulikuwa kwenye gemu ya Valorant, ambayo maadui wanatega bomu kwenye saiti A au B, jamaa yetu wa Mombasa anatuambia kwenye saiti ya B "hawapo hawapo", sisi tukasikia "wapo, wapo", wote tukakimbilia B kumsaidia kumbe hakuna mtu na huku A bomu linategwa. Tukagombana mechi nzima kumbe ni slaida.

Anayeshindwa kabisa na hiyo slaida atumie kubonyeza ndo aongee, kwenye Valorant kitufe cha timu ni V. Mimi hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote, ila usiwahi kuachia kitufe kabla hujamaliza neno, kuna watu kila sentensi yao inakatika mwishoni.

Kuna ile ya Discord ya kupunguza kelele, Krisp, iwashe, inafanya kazi nzuri sana kwa jogoo na bodaboda. Ila kama umeshapanga viwango vyako, ile ya kurekebisha sauti yenyewe kwa yenyewe izime. Hiyo ukinyamaza inadhani umesogea mbali na maiki, inapandisha, feni inapanda nayo, halafu unapiga kelele ghafla na ile kelele ya kwanza inawafikia wenzako yote kabla haijawahi kushusha. Na kama umeona slaida ya Windows inajisogeza yenyewe, leo 80 kesho 43, hujarogwa, kuna programu inaisogeza. Rudi kwenye mmsys.cpl, maiki yako, tabu ya mwisho, toa tiki zile zinazoruhusu programu ishike kifaa peke yake, halafu pekua programu zako za voisi uone ipi bado ina hiyo otomatiki.

Mtu akikwambia unasikika na mlio wa "mmmmm" wa chini usiokata, usiguse slaida yoyote. Chomoa chaja ya laptopu halafu muulize kama bado anausikia. Ukikata, tatizo ni umeme, mlio huo ni umeme wenyewe unazunguka mara 50 kwa sekunde, unaingia kwenye waya wa maiki kwa sababu hakuna njia ya ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme uliopotea ardhini. Mara nyingi utakuta ni ile ekstenshoni ya pini mbili, au soketi ina matundu matatu na ukutani waya wa ethi haukufungwa, nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo. Mwite fundi kama unaweza, kama huwezi cheza kwa betri au nunua kile kidude cha USB unachochomekea hedseti, mara nyingi kinaumaliza au kinaupunguza sana. Na kwa wenye kompyuta za mezani, hedseti yenye pini moja ya mistari mitatu ukiichomeka kwenye tundu la kijani utasikia wenzako ila wao hawatakusikia hata ulie, unatakiwa uwe na kiunganishi cha kugawa, kimoja kijani kimoja pinki, Kariakoo vimejaa tele.

Bluetooth naomba nisiiongelee sana. Zile za kawaida maiki ikiwashwa tu sauti yote inashuka inakuwa kama ya simu, maana inabadilisha mtindo wa kutuma sauti, na kwenye gemu za kusikiliza hatua za watu hapo umeshakuwa kiziwi. Ukiwa huna nyingine, chagua maiki ya laptopu ndo iwe ya kuongelea na Bluetooth ibaki ya kusikiliza tu, sauti inarudi. Kwenye simu nako huna mengi ya kugusa, shika tu kile kimaiki cha kwenye waya kisisuguane na shati.

Mwangwi nao watu wanaugombania bure. Ukijisikia unarudi, tatizo halipo kwako, lipo kwa mwenzako ambaye hedifoni zake ziko juu mno na maiki yake inakudaka, mwambie apunguze. Unamjua kwa kumtafuta, kila mtu azime maiki mmoja mmoja mpaka mwangwi ukate. Na kabla hujaanza kupekua setingi zako uliza wote, mtu mmoja akisema hakusikii na wengine wanakusikia vizuri, huyo abofye kulia kwenye jina lako akupandishe huko kwake, Discord inafika mpaka asilimia 200. Wakisema wote ndo urudi kwenye mmsys.cpl.

Nyingine ndogo, kama kila mtu akiongea gemu inanyamaza, hiyo ni Windows inafanya, yenyewe imepangwa kushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 ikiona kuna maongezi. Palepale mmsys.cpl kwenye tabu ya mawasiliano chagua ile ya mwisho ya kutofanya chochote.

Wale mnaocheza kwa spika bila hedifoni halafu mnaacha maiki wazi, nyie sina cha kuwaandikia, nunueni hedifoni kwanza ndo mrudi.