Siku moja maishani mwangu: kumlaza usingizi mgonjwa ambaye moyo wake hauna akiba

Saa 12:20 asubuhi nilikuwa nimeshaketi kando ya kitanda cha bibi mwenye umri wa miaka 84, aliyeanguka siku iliyotangulia akavunjika nyonga. Mimi ni daktari wa usingizi, na wagonjwa ninaopangiwa mara nyingi ni wale ambao moyo, mapafu au figo zao zimechoka. Bibi huyu ana vali ya aota iliyokaza, yaani mlango ambao damu hupitia ikitoka kwenye moyo kwenda mwilini. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, alichofanyiwa jioni kilionyesha kwamba tundu lake limebaki na eneo la sentimita 0.8 za mraba, na likishapungua chini ya 1 huhesabiwa kuwa ufinyu mkali.

Moyo unaosukuma damu kupitia mlango mwembamba hivyo hauwezi kuongeza kazi yake pale mishipa ya mwili inapolegea, na dawa nyingi za usingizi huilegeza. Shinikizo la damu likishuka, damu inayoulisha msuli wa moyo wenyewe hupungua. Msuli ukikosa damu husukuma kwa udhaifu zaidi, na shinikizo hushuka tena. Hali hiyo ikishaanza, kuirudisha nyuma ni vigumu sana hata kwa mikono iliyozoea.

Hata hivyo kungoja kusingemsaidia. Mgonjwa wa nyonga anayelala kitandani hukaribia kila siku nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya mgongo na kuchanganyikiwa akili, na ndiyo sababu miongozo ya nchi kadhaa hutaka upasuaji ufanyike ndani ya saa 36 hadi 48. Vali isingefunguka kwa kusubiri wiki nzima.

Jambo lililoniuma ni maandishi niliyoyakuta kwenye faili lake, kwamba asile wala asinywe chochote tangu usiku wa manane. Chakula chepesi husimamishwa saa 6 kabla ya usingizi, lakini maji matupu huruhusiwa hadi zibaki saa 2. Moyo mnene na mgumu kama wake hutegemea kujazwa vizuri, kwa hiyo kumkausha usiku kucha ni kumwongezea hatari bila faida yoyote. Upasuaji ulipangwa kuanza saa 2:30, nami nilikuwa na dakika kumi. Nilimnywesha maji kwa mkono wangu. Kidonge chake cha kupunguza mapigo ya moyo alipewa kama kawaida, kwa kuwa kumkatizia ghafla mtu aliyekizoea ni hatari. Kile cha kulegeza mishipa nilikuwa nimeagiza kisitolewe.

"Mjukuu wangu, nitaamka?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba natarajia ataamka na kwamba sitaondoka kando yake, lakini moyo wake umechoka na hatari ipo. Binti yake alikuwa anasikia. Siamini katika kuwaficha watu jambo kama hili, kwa sababu anayetia saini bila kujua hatari hajakubali chochote.

Saa 1:30 tulikutana timu nzima: daktari mpasuaji, wauguzi, msaidizi wangu na mimi. Tulipitia orodha ya usalama ya upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ambayo husomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Nilimwomba mpasuaji aniambie kwa sauti kabla ya kuweka saruji ya mfupa, ile inayoshikilia kiungo bandia, naye akakubali bila kuuliza sababu, kwa kuwa anaijua.

Kuanzia saa 2:10 nilifanya kazi polepole kwa makusudi. Kwanza nilipiga ganzi ya mishipa ya fahamu kwenye kinena nikiongozwa na mashine ya mawimbi ya sauti, ili maumivu yapungue na dawa za usingizi zipungue pia. Kisha, bibi akiwa bado macho, niliingiza mpira mwembamba kwenye ateri ya kifundo cha mkono ili nione shinikizo kwa kila pigo la moyo badala ya kusubiri mkanda upime kila baada ya dakika kadhaa. Noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa na kupandisha shinikizo, ilianza kutiririka kabla ya usingizi, maana tone linalotangulia anguko la shinikizo lina thamani kuliko mengi yanayolifuata. Nilitoa dawa ya usingizi kidogo kidogo. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu damu husafiri taratibu, na dawa huchelewa kufika kwenye ubongo. Daktari asiye na subira hudhani haijatosha, huongeza, na dozi zote mbili hufika pamoja. Wastani wa shinikizo ulishuka kutoka 88 hadi 61. Niliongeza noradrenalini, na baada ya dakika moja na nusu ukarudi 76. Dakika hiyo na nusu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote za siku yangu.

"Naweka saruji," mpasuaji alitangaza saa 3:25. Saruji inaposukumwa ndani ya mfupa, mafuta na vipande vya uboho vinaweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa ya mapafu, na dalili ya mapema kwa mgonjwa aliyelala ni kushuka kwa kaboni dayoksaidi anayoitoa kwa pumzi. Nilikuwa nimeshaongeza oksijeni. Namba ya kaboni dayoksaidi ilishuka kidogo, ikasimama, ikapanda.

Saa 4:40 alifumbua macho. Miwani na kifaa chake cha kusikilizia vilirudishwa hapo hapo, kwa sababu mzee anayeamka bila kuona wala kusikia huchanganyikiwa upesi.

Mchana ulikuwa wa wagonjwa wawili wa ngiri, wenye afya nzuri, na sina mengi ya kusema juu yao. Saa 9 alasiri nilimwona kliniki mwanamume wa miaka 67 anayesubiri kuondolewa saratani ya utumbo mpana, mwenye kisukari, mvutaji sigara, na damu yake imepungua. Nilimuuliza kama hupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Alisema husimama kwenye ghorofa ya kwanza. Nilimpigia simu mpasuaji, tukakubaliana kusogeza tarehe kwa wiki mbili, apewe madini ya chuma kwa mshipa, aache sigara kuanzia leo, na afanye mazoezi ya kutembea na ya kupumua. Saratani hairuhusu kusubiri sana, lakini wiki hizo mbili ni sehemu ya matibabu yake.

Saa 11 jioni nilirudi wodini kwa bibi. Wagonjwa wa aina yake hawafi mara nyingi mezani. Hufa siku zinazofuata, usiku, pale ambapo hakuna anayetazama namba. Moyo unaweza kujeruhiwa baada ya upasuaji bila mgonjwa kusikia maumivu ya kifua, kwa kuwa dawa za maumivu huyafunika. Mkojo wake wa saa iliyopita ulikuwa mililita 18 tu kwa uzito wa kilo 48, na kifaa cha kusikilizia kilikuwa kwenye droo. Nilikivisha sikio lake, nikaagiza maji ya mshipa mililita 250 taratibu, na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia, kila asubuhi kwa siku tatu.

Saa 1 usiku nilimkabidhi kwa daktari wa zamu. Nilimwandikia namba tatu: wastani wa shinikizo usishuke chini ya 70, mapigo yasizidi 90, mkojo usipungue mililita 24 kwa saa. Nikamwambia kwamba moja ikivunjika, anipigie simu nyumbani, hata kama ni saa 9 usiku. Kabla ya kuondoka nilisoma kipimo cha mwisho: mililita 30.