Watu wazima hawajarudi shule, ni wazee ndo wanaondoka

Ukisikia redioni kwamba kiwango cha elimu cha watu wazima Tanzania kimepanda, usije ukapata picha ya watu wa Uyole na Mwanjelwa wamebeba madaftari jioni wanakimbilia darasani. Wapo wa hivyo, wanaosoma QT, ule mtihani wa wanaosoma nje ya mfumo wa kawaida wa shule, baada ya kufunga biashara, na nawapa heshima zao zote, ila sio wao wanaoisogeza ile namba. Namba inasogea kwa sababu wazee ambao hawakupata shule wanafariki na vijana waliopita shule za kata wanafika umri wa kuhesabiwa watu wazima, basi. Waliobaki katikati wako na elimu ileile waliyokuwa nayo miaka 20 iliyopita. Mtu aliyeishia la saba mwaka 1985 leo bado ameishia la saba, hata kama ana nyumba tatu Forest.

Mi kazi inayonipa ugali ni kusafisha data za tafiti za kaya, kwa hiyo hili jambo nimekaa nalo sana na kuna vitu naona watu wanavisoma vibaya kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikitoa ripoti.

Kwanza hesabu ya "mtu mzima". Ripoti nyingi za kimataifa zinaanza na miaka 25, kwa sababu ukianza na 15 unaingiza watoto ambao bado wako kidato cha pili, halafu unawaandika kama watu ambao elimu yao imeishia hapo wakati hata necta hawajaiona. Ripoti nyingine zinaanza 15 hivyo hivyo. Sasa mtu anachukua namba ya 15 na kuendelea ya ripoti moja, anaiweka pembeni ya namba ya 25 na kuendelea ya ripoti nyingine, anachora grafu, anasema elimu imeshuka. Nimeyaona haya kwenye presentesheni za watu wenye tai zao.

Njia ambayo mi naiamini zaidi ni kufuata rika. Sisi tuna bahati moja, sensa zetu tatu za mwisho zilifanyika Agosti 2002, Agosti 2012 na Agosti 2022, yaani miaka kumi kumi kamili. Kwa hiyo waliokuwa na miaka 25 hadi 29 mwaka 2002, mwaka 2012 ni wale wa 35 hadi 39, na 2022 ni wa 45 hadi 49. Watu walewale. Uwiano wa waliomaliza la saba kwenye hilo rika ulitakiwa ubaki karibu palepale kwenye sensa zote tatu, na kama umepanda sana basi uanze kujiuliza nani anatudanganya, vifo, uhamaji au midomo ya watu.

Vifo kwanza. Kawaida waliosoma zaidi wanaishi muda mrefu kidogo, kwa hiyo rika likizeeka linaonekana limesoma zaidi kuliko lilivyokuwa ujanani, bila mtu yeyote kushika kalamu. Ila huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hiyo hesabu haiendi kirahisi hivyo, maana Njombe, Iringa na Mbeya ndo iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU kwenye utafiti wa UKIMWI na malaria wa 2011/12, na ule ugonjwa haukuchagua wazee, ulipita katikati kabisa, kwa watu wenye nguvu zao, walimu, madereva, wafanyabiashara. Kwa hiyo ukilifuata rika la Makete usidhani waliopungua ni wale wasiosoma tu.

Uhamaji ndo unaoharibu kabisa ukifuata mkoa mmoja. Kijana wa Ludewa akimaliza kidato cha nne anaenda Makambako, kutoka Makambako anaenda Dar, anahesabiwa Mbagala. Binti wa Kilolo anapelekwa Dar kufanya kazi za ndani akiwa hata hajakaa sawa na cheti chake cha la saba. Ukilifuata rika kitaifa uko salama, ukilifuata kimkoa unapima nani amebaki nyumbani.

Halafu midomo. Hapa nikianza sitanyamaza. Kwenye sensa na kwenye dodoso la kaya la tafiti nyingi anayejibu ni mtu mmoja kwa niaba ya wote, mkuu wa kaya au yeyote mtu mzima aliyekutwa. Mama anaulizwa baba watoto kasoma mpaka wapi, anajibu "kidato cha nne" kwa sababu ndo alivyoambiwa enzi za uchumba. Shemeji anaulizwa kuhusu mama mkwe, anasema hajasoma, kumbe mama alifika darasa la nne la mkoloni na anasoma barua bila miwani. Mdodosaji hana muda wa kubisha, ana kaya nyingine zinamsubiri na mvua ya Rungwe unaijua mwenyewe. Umri nao ni hivyohivyo, watu wanapenda miaka inayoishia na 0 na 5, kwa hiyo watu wa 38 na 41 wote wanakuwa 40, na rika lako ulilolichonga vizuri linavuja pande zote mbili.

Niwaambie ya bibi yangu wa Tukuyu. Alikuja kijana wa utafiti fulani, kijana mzuri tu mwenye adabu, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa hapo."

"Bibi ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Mi nilisoma kisomo."

"Kisomo ni darasa la ngapi, bibi?"

"Hakina darasa. Tulisoma chini ya mti, jioni, tukitoka shambani."

Kijana akaangalia kishikwambi chake, hamna sehemu ya mti, akabonyeza "hajawahi kusoma". Na kwa taratibu za utafiti hajakosea, maana swali ni la shule rasmi, ila bibi ndo anayewasomea wenzake Biblia kwenye jumuiya.

Sasa hii ya kisomo, yale madarasa ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, ndo kikwazo kikubwa kwenye takwimu zetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakati huo karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Ikafuata mitihani ya taifa ya kisomo, 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986, na kila mtihani namba ya wasiojua inashuka, asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, mpaka 1986 ikawa chini ya 10. Dunia nzima ikatusifia. Halafu inakuja sensa ya 2002, waliojua kusoma na kuandika wenye miaka 15 na zaidi ni kama asilimia 69 tu. Kutoka zaidi ya 90 mpaka 69! Ukichora grafu bila kufikiri utasema nchi nzima ilisahau a e i o u.

Kusahau kupo kweli, mtu asiposoma kitu miaka kumi herufi zinapotea, na miaka ya 80 na 90 hali ilikuwa mbaya shuleni pia. Lakini vifaa vya kupimia havikuwa sawa. Ile mitihani ya kisomo ilikuwa na hatua nne, unafanya mtihani unapangiwa hatua, na iliwahusu waliolengwa na kampeni. Sensa haimpi mtu mtihani, inauliza tu kama anajua kusoma na kuandika, Kiswahili, Kiingereza, vyote au lugha nyingine, na anajibu yeyote aliyepo nyumbani. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto nao una njia yake, unampa mtu kadi yenye sentensi fupi ya aina ya "kilimo ni kazi ngumu" asome mwenyewe, isipokuwa aliyefika ngazi fulani ya juu ya shule, huyo anahesabiwa anajua bila kupewa kadi. Vipimo vitatu tofauti halafu watu wanaviunga kwa mstari mmoja mwekundu. Ukikaa na sensa peke yake, 2002 asilimia 69, 2012 kama 78, 2022 asilimia 83, hapo angalau unalinganisha swali na swali lake.

Tukirudi kwenye shule yenyewe, ukipanga watu wazima wa leo kwa mwaka wa kuzaliwa unaona historia ya nchi imelala pale kama matabaka ya udongo kwenye ukingo wa barabara ya Kitonga. Chini kabisa wazee wa darasa la nne na wa la nane, wale wa mido skuli, na wengi wao huku kwetu walitokea kwenye shule za misheni, si unajua Wamoravian na Waluteri walifika Unyakyusa tangu 1891. Juu yao wanakuja watoto wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote iliyoamuliwa kwenye Azimio la Musoma 1974 na kuanza 1977, hao 2022 walikuwa na miaka 50 na kitu, na wengi wana la saba hata waliozaliwa kijijini kabisa. Halafu linakuja tabaka ambalo linashangaza watu: waliozaliwa mwisho wa miaka ya 70 na miaka ya 80. Uandikishaji ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 90 mwaka 1980 hadi chini ya 80 kufika miaka ya 90, kwa hiyo mdogo mtu anaweza kuwa na shule kidogo kuliko kaka yake mkubwa. Ukichukua wastani wa watu wazima wote huoni hiki kibonde, kinafunikwa, ndo maana nasisitiza marika.

Kisha ada ya msingi ikafutwa na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002, wanafunzi wa msingi wakatoka milioni 4 na ushehe mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Sekondari ndo ilikuwa balaa, laki tatu na ushehe mwaka 2003, zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2010, kila kata na shule yake hata kama maabara ni chumba chenye vumbi. Ila fanya hesabu: aliyeingia kidato cha kwanza 2006 akiwa na miaka 14 alizaliwa 1992, kwa hiyo mwaka 2022 alikuwa na 30. Hilo wimbi lote la shule za kata lilikuwa ndo kwanza limeanza kuingia kwenye kundi la 25 na kuendelea. Anayelalamika leo kwamba "tumejenga shule zote zile mbona wastani wa elimu ya watu wazima haupandi" asubiri kidogo, wastani wa watu wazima ni mzigo mzito na una mababu na mabibi ndani yake.

Na hata ukipanda, unapanda nini? Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyozua kelele mpaka yakapangwa upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni ziro kwenye matokeo ya kwanza. Kwenye dodoso mwenye ziro na mwenye wani wote ni "kidato cha nne". Wamarekani walikumbana na kitu cha namna hii, sensa yao ilianza kuuliza elimu 1940, wakawa wanauliza miaka ya shule, mpaka 1992 kwenye utafiti wao wa kila mwezi wakabadili wakaanza kuuliza cheti au digrii uliyopata. Wenyewe wanaweka alama kwenye jedwali kwamba hapa swali limebadilika. Sisi ripoti inatoka, swali limebadilika, alama hamna, au ipo kwenye kiambatisho ukurasa wa mia mbili na kitu.

Mipaka nayo. Mkoa wa Mbeya 2012 ulikuwa na watu milioni 2.7, 2022 una milioni 2.3. Hakuna aliyekimbia jamani, Songwe ilimegwa 2016 ikaondoka na Mbozi, Momba, Ileje na wenzao, watu milioni 1.3. Ukiwajumlisha ni kama milioni 3.7. Sasa jiji la Mbeya na vyuo vyake limebaki upande huu, vijiji vingi vimeenda upande ule, halafu mtu wa mkoa anasimama kwenye kikao anasema asilimia ya wenye elimu ya sekondari Mbeya imepanda kwa jitihada zetu. Jitihada za kuchora ramani labda. Iringa ni hivyohivyo, Njombe ilitoka 2012. Ukitaka kulinganisha, rudi kwenye wilaya ujenge mkoa wa zamani mwenyewe, inachosha ila inawezekana, na wanafunzi wanaoandika dizetesheni nawashauri wachukue sampuli za sensa za 1988, 2002 na 2012 zilizopo IPUMS, ile hifadhi ya data za sensa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ni bure ukijisajili na viwango vya elimu vimeshawekwa kwenye mfumo mmoja.

Kitu kinachonisumbua sasa hivi ni mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Sensa ijayo ikifuata utaratibu wa miaka kumi ni 2032, na karani atamkuta mtu kasema "nimeishia la sita". Je huyu ni mzee aliyeacha shule ya zamani bila kumaliza, au ni kijana aliyehitimu msingi kwa mfumo mpya? Bila kuuliza alimaliza mwaka gani, au walau bila kumpanga kwa umri wakati wa kusafisha data, wote wawili wataingia kwenye kapu moja, na sisi tunaosafisha ndo tutakaoulizwa kwa nini waliomaliza msingi wamepungua. Dodoso la 2032 halijaandikwa bado, kwa hiyo mwenye namba ya mtu anayehusika ampigie.