Mwalimu, Kapteni na hatua 50

Jumamosi nilikuwa mwamuzi wa sataranji ya wenye miaka 50 na kuendelea, hapa Mombasa. Meza ya tatu walikaa Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu, na Kapteni, aliyezeekea kwenye tishali za bandarini. Mwalimu alishika kete nyeusi.

Nikipita mara ya kwanza namkuta anaandika P-K4, mwandiko wa vitabu vya Kiingereza vya zamani. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliuacha tangu 1981. Nikainama.

“Shikamoo, Mwalimu. Kanuni inataka e5, jina la mraba kete inapotua. Ukizuka mzozo, karatasi hii si ushahidi.”

“Marahaba, mwanangu. Mzozo na nani? Na huyu?”

Kapteni akacheka mpaka meza ya pili wakageuka.

Saa tatu baadaye, kicheko hakuna. Wamebaki na ngome mojamoja, Kapteni kazidi askari mmoja, kasimama e5. Mwalimu kamweka mfalme wake e8, mbele ya huyo askari, na ngome yake mstari wa sita. Mfalme wa Kapteni hapati pa kupenya. Askari akisogea e6, ngome nyeusi itateremka mpaka mstari wa kwanza na kumpiga mfalme huyo shaha kwa nyuma bila kukoma. Ulinzi huu Philidor, bingwa wa Kifaransa, aliueleza karne ya 18, na ni sare. Kapteni hakutaka kusikia habari hiyo: kulia, kushoto, kulia tena, askari kamwacha palepale.

Kila hatua iliwaongezea sekunde 30. Wapo wanaotaka nyongeza hiyo iondolewe ili tumalize mapema. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkono wa Mwalimu unatetemeka, angeshindwa na saa, si na Kapteni.

Mimi nasimama pale, mdomo nimefunga. Mwamuzi huingilia mwenyewe zikitimia hatua 75 bila askari kusogezwa wala kete kuliwa. Kwenye 50, mchezaji ndiye anayedai sare.

Mwalimu akadai. Hatua yake kaiandika bila kuicheza, kama inavyotakiwa, ila kwa mwandiko wake uleule. Ikabidi nichukue karatasi ya Kapteni. Kabla sijaanza kuhesabu, Kapteni akasema, “Zimetimia. Nilikuwa nazihesabu tangu ya 30, namwomba Mungu Mwalimu asahau.”

Nikahesabu hivyo hivyo. Zilitimia. Nusu pointi kila mmoja, sahihi mbili, kisha wakaanza kubishana ingekuwaje kama Kapteni angekataa kubadilishana farasi. Nikawatoa nje, meza nyingine walikuwa bado wanacheza. Ubishi wakauhamishia kwa muuza kahawa.