Nilivyopima insulini ya ndama aliye macho bila kumshtua

"Mdunge zailazini alale, utoe damu kwa raha zako." Ushauri huo wa kutumia dawa ya kutuliza mifugo nilipewa na daktari wa mifugo mwenye uzoefu kuliko mimi, na mpaka leo unaniudhi.

Nilichotaka kujua ni kile ambacho neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa hatari, hulifanyia kongosho mnyama anaposhtuka. Zikisisimka humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, nayo ikashika vipokezi vya alfa-2 kwenye seli beta, zile za kongosho zinazotoa insulini, na kuzuia insulini isitoke. Glukagoni, homoni ya kongosho inayopandisha sukari, huongezeka, ini likaachia sukari. Sasa, zailazini inashika vipokezi hivyohivyo! Nilimdunga ndama mmoja mbele ya mshauri wangu aone mwenyewe. Ndama kalala kwa raha, mate yanamchuruzika, hofu hana kabisa. Lakini kila nikipima sukari imepanda zaidi, na majibu ya insulini yalipokuja ilikuwa chini mno. Mshauri akanyamaza.

Usingizi wa upasuaji nao haufai, unazififisha neva zenyewe. Ndiyo maana miaka ya 1970 watafiti Bloom na Edwards kule Cambridge walifanya kazi na ndama walio macho, baadhi yao wakiwa wameondolewa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ili adrenalini inayotoka humo isichanganye majibu. Mimi sikufika huko, kwa hiyo nilichopima ni neva na adrenali kwa pamoja.

Shida ya ndama aliye macho ni wewe mwenye sindano. Mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon alionyesha mwaka 1911 kwamba paka akibwekewa na mbwa hutoa sukari kwenye mkojo. Ndama anayekamatwa shingo kila robo saa atakupa damu ya aina gani?

Dawa yake niliipata, na ninajivunia. Jana yake nampiga ganzi ya ngozi, naingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo, naushona, kisha naupitisha mgongoni hadi nyuma ya ukuta wa mbao. Anabaki na mwenzake, maana ndama wa peke yake hatulii. Anayemlisha ni kijana yuleyule aliyemzoea. Mimi nakaa nyuma ya ukuta navuta damu, hanioni wala hanisikii. Mililita za mwanzo mwaga, ni maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Barafu iwe karibu, na chupa ya damu ya kupimia glukagoni iwe na aprotinini, inayozuia vimeng'enya, la sivyo glukagoni itaharibika. Mipira na barafu vilinila laki na kitu. Gharama ya maabara ndiyo ya kuumiza.

Kijana alipogonga debe tupu nje ya banda, sukari ilipanda na insulini haikuifuata. Ndama huyohuyo, siku nyingine, nilipompa glukosi kwa mpira uleule akiwa ametulia, insulini ilipanda mara moja. Seli zilikuwa nzima, zilizuiwa tu.

Kama ni lazima umtulize mnyama kwa zailazini, chukua damu ya sukari kabla ya kumdunga.