Majira ya Saa 12:40 Jioni

Wiki iliyopita, baada ya misa ya arobaini ya Baba, dada yangu alinikabidhi mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na rozari ya mbao, kopo la kiwi nyeusi lililobaki robo, na kaunta buku nne. Nguo tulishagawana siku ya kuanua matanga. Vitu hivi hakuna aliyejua ampe nani, vikaja kwangu kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa familia.

Kwa msiomfahamu, Baba alikuwa askari polisi. Alienda depo Moshi akiwa bado kijana hajaoa, akastaafu na cheo cha Stesheni Sajenti, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia hapa Mwanza. Mtaani aliitwa Afande. Kwenye jumuiya aliitwa Afande. Hata katekista, mzee aliyemzidi umri, alimwita Afande.

Nimezisoma kaunta buku kwa siku tano, usiku, watoto wakishalala. Baba aliandika mambo ya nyumbani kama anavyoandika askari wa zamu. "Majira ya saa 2:10 usiku, huko maeneo ya jikoni, mjukuu wa pili amemwagikiwa na uji mguu wa kulia. Amepelekwa zahanati. Amerudi saa 4:00. Amelala." Yeyote aliyewahi kuibiwa simu akaenda kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, anaijua lugha hiyo. Aliwahi kuniambia kwamba mtu akifika kaunta analia, usimwambie anyamaze. Muulize jina, uliandike mbele yake, akiiona kalamu inatembea atatulia mwenyewe. Kwa Baba, kuandika ilikuwa namna ya kumpokea mtu.

Tulipokuwa wadogo sikuyaona haya. Niliona kiti chake kitupu. Krismasi nyingi alikuwa lindo, na siku ya kipaimara changu alikuwa safarini kikazi. Nilimnunia miaka mingi kwa hilo, na yeye hakujitetea hata mara moja. Nayaandika kwa sababu sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, na nyumba nzima ilijua mlio wa buti zake getini.

Kisha Mama akapata kiharusi, Baba akiwa ameshastaafu. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Mama yetu, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika hadi kwa majirani akiita kuku, akawa na neno moja tu: "kile." Akitaka maji, "kile." Akitaka kugeuzwa, "kile, kile," huku machozi yakimlengalenga kwa sababu hatumwelewi.

Baba alijifunza kila kitu upya. Alijifunza kusonga ugali laini. Alijifunza kumgeuza ili asipate vidonda. Na nywele! Nilimkuta siku moja amempakata kichwa cha Mama kwenye paja, kichana mkono mmoja, kopo la mafuta ya nazi mkono mwingine, anazigawa nywele zile nyeupe mstari baada ya mstari, taratibu, ananyanyua kidogo, anapaka, anachana, anarudia pale ambapo mstari haujanyooka. Uso ulikuwa ule ule niliouona utotoni akipiga kiwi buti zake alfajiri. Alipoona nimesimama mlangoni alisema tu, "Mwangaluka," salamu yetu ya Kisukuma, akaendelea.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa miezi kama miwili baada ya kiharusi. "Majira ya saa 12:40 jioni. Nilikuwa nasali rozari peke yangu kando ya kitanda. Niliposema tumbo lako amebarikiwa, Mama yenu ameitikia. Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu. Yote. Hadi Amina. Nimerudia mara tisa. Ameitikia mara tisa."

Jioni ile alinipigia simu akashindwa kuongea. Nilidhani Mama amefariki. Baadaye daktari alitueleza kwamba hutokea: kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno ya kujitungia, lakini yale aliyoyakariri miaka mingi, sala, nyimbo, kuhesabu moja hadi kumi, yakabaki salama. Baba aliyasikiliza maelezo kwa heshima zote. Kisha akaanza kusali rozari na Mama kila jioni, saa ile ile, bila kukosa, kwa sababu hapo tu ndipo alipoweza kukaa na mkewe wakazungumza kwa zamu, mmoja akisema na mwingine akijibu. Nimehesabu katika daftari. Hakuna jioni isiyoandikwa. Nyingine zina mstari mmoja: "Rozari imesaliwa. Mama yenu kala nusu sahani ya sato. Kacheka mara mbili. Milango imefungwa."

Katika rozari hiyo, tangu tukiwa watoto, lilikuwepo fumbo moja ambalo Baba alilitolea "kwa wale wa Igoma." Mimi nilidhani ni ndugu zetu wa mbali. Tuna ndugu wengi.

Daftari la nne ndilo lililonijibu. Ni la zamani, jalada limechanika, na ndani limeandikwa kurasa sita tu. Kurasa zote ni za Mei 1996.

Watu wa Mwanza hawahitaji kuelezwa. Alfajiri ya tarehe 21, meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Bwiru, nchi kavu ikionekana. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Iliendelea kuelea kifudifudi kwa saa kadhaa, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu. Mamia ya watu walikufa, na wengi waliopatikana walizikwa Igoma.

Baba alikuwa miongoni mwa askari waliopangwa mahali miili ilipoletwa ili ndugu waitambue. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alirudi, akavua buti nje, na hakutaka kula samaki kwa muda mrefu. Hakutusimulia kamwe. Lakini alikuwa ameandika, si ripoti ya kazi bali yake mwenyewe, kwa penseli, wale ambao hadi anaondoka zamu hakuna aliyekuja kuwaita kwa jina. "Mtoto wa kike, miaka kama sita, gauni la njano, ndala moja mguu wa kushoto." "Mwanamume mzee, shati la drafti, mfukoni rozari." "Mama, kitenge cha bluu, amemshika mtoto, hawakuachanishwa." Wapo kumi na wanane. Pembeni ya kila mmoja ametia vijistari vidogo. Nilivihesabu mara mbili nikavielewa: kimoja kwa kila mwaka aliowaombea.

Leo ni Mei 21. Asubuhi tulimpakia Mama kwenye bajaji na kiti chake cha magurudumu, tukaenda Igoma. Watu walikuwepo, mashada yalikuwepo. Sisi tulijitenga kidogo chini ya mti. Dada alishika rozari ya mbao, mimi nikafungua daftari nikaanza kusoma.

"Mtoto wa kike, miaka kama sita, gauni la njano." Sauti ikanikwama hapo. Nikajilazimisha: "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Mama alikuwa anaangalia mashada. Hakugeuka. "Na mwanga wa milele umwangazie," akasema, maneno yote mazima. "Apumzike kwa amani. Amina."

Nikasoma wa pili. Akaitikia. Tulisoma wote kumi na wanane, kisha dada akaniambia niongeze wa kumi na tisa.