Akisema "mai", hajakosea

Mtoto wa Lamu anayepimwa akili anaonyeshwa picha ya maji, anasema "mai". Anaonyeshwa macho, anasema "mato". Mpimaji asiyejua Kiamu, Kiswahili cha Lamu, akimwandikia makosa mawili, kipimo kimeshaharibika kabla hata ya kufika kwenye kuhesabu. Mama, bibi au yeyote wa nyumbani akae humo chumbani, na maagizo yatolewe kwa lugha ya mtoto. Akiambiwa "ndoo", yaani "njoo", ajue anaitwa.

Lakini masikio kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema, haitiki akiitwa, na watu humdhani mzito wa akili. Usaha wa sikio unaorudi mara kwa mara unatosha kumpunguzia usikivu. Kumpigia makofi kwa nyuma si kipimo: huhisi upepo au huona kivuli. Apimwe kwa mashine. Macho pia. Na kifafa: anayeduwaa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, hupitwa na vipande vya somo. Hata dawa kama fenobabitoni huweza kumlegeza. Msimkatishe ghafla, arudi kwa daktari.

Alama zilizo chini ya 70 hivi kwenye jaribio la akili hazitoshi peke yake kusema mtoto ana ulemavu wa akili. Sharti awe nyuma ya wenzake katika mambo ya kila siku pia, na hali hiyo iwe imeanza utotoni. Kwenye vituo vya tathmini ya elimu, vile vya EARC, mzazi ataulizwa: anavaa mwenyewe? Akitumwa dukani kitu kimoja, hukileta? Punda akija kichochoroni, humpisha? Jibuni anachokifanya, kisha mwelezeni mpimaji pia asichowahi kuachiwa akijaribu. Anayevishwa na dada zake kila asubuhi hajapata nafasi ya kujifunza, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kufunza kuvaa suruali huanzia mwisho. Hatua ni tano: kuishika kiunoni, mguu mmoja, mguu wa pili, kuivuta hadi magotini, kisha hadi kiunoni. Fanya nne za mwanzo, umwachie ya tano. Kila siku anamaliza yeye. Akiiweza siku tatu mfululizo, mwachie mbili. Toa agizo moja fupi, kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi kumi. Wengi hukosea hapa: hulirudia kwa maneno mengine, na kwake hilo ni agizo jipya, anaanza upya kulifikiri. Suruali iwe ya mpira. Zipu na vifungo vingoje.