Kumbukumbu ya mradi wangu: Antara na Abla nyuma ya kioo

Kioo cha kwanza cha mradi huu kimefikia hatua ya kutiwa rangi za nguo, na kabla sijaendelea naona vyema niandike kazi ilipofika. Ninajifunza uchoraji wa nyuma ya kioo, yaani picha inayopakwa upande mmoja wa kioo na kutazamwa kutoka upande wa pili, kama alivyoufanya Abu Subhi al-Tinawi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1973, ambaye picha zake za mashujaa wa masimulizi ya Kiarabu zilitundikwa majumbani na mikahawani: al-Zir Salim, Abu Zayd al-Hilali, Sultani Baybars na, zaidi ya wote, Antara na Abla.

Antara bin Shaddad alikuwa mshairi wa karne ya 6, mmoja wa washairi wa Muallaqat, yale mashairi mashuhuri ya Waarabu wa kabla ya Uislamu, lakini anayechorwa ni yule wa sira, yaani masimulizi marefu yaliyomkuza kwa karne nyingi vinywani mwa wasimuliaji. Mama yake, Zabiba, alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na baba yake, mtu wa kabila la Abs, hakumkubali kuwa mwanawe. Maadui walipovamia, baba alimwamuru ashambulie. Antara akajibu kwamba mtumwa hajui kushambulia, kazi yake ni kukama. Ndipo akaambiwa ashambulie, naye atakuwa huru. Kwa Abla, binti wa ami yake, alitozwa mahari ya ngamia 1,000 wa mfalme Nu'man wa Hira, mahari iliyokusudiwa kumpeleka kwenye kifo.

Hakuna hata moja kati ya hayo katika picha ninayoifuata. Wapo wawili tu juu ya farasi, Antara mweusi mwenye masharubu makubwa na silaha zake, Abla aliyepambwa, na majina yameandikwa kando yao. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii: picha haisimulii kisa, bali inamtegemea mtazamaji aliyekwisha kukisikia, na rangi ya uso ule yatosha kumrudisha Zabiba ukutani ambako jina lake halikuandikwa. Msimuliaji wa mkahawani, hakawati, alizoea kukatiza kisa shujaa angali kifungoni ili watu warudi kesho yake. Picha ilibaki hapo mchana kutwa, ikiwangoja.

Ufundi wenyewe unakwenda kinyume cha uchoraji wa karatasi. Kinachoonekana juu kabisa ndicho kinachochorwa kwanza, kwa sababu mtazamaji atakuwa upande wa pili. Baada ya kusugua kingo kwa msasa na kukisafisha kioo kwa spiriti ili kisibaki na mafuta ya vidole, nilichora mistari myeusi yote, kisha mboni kabla ya weupe wa jicho, masharubu kabla ya shavu, na misumari ya ngao kabla ya ngao yenyewe. Jina la Antara niliandika kutoka kushoto kwenda kulia, mdomo wa herufi ya ain ukielekea kushoto. Chini ya kioo nimelaza kioo cha kujitazamia, nacho hunionyesha upande wa mbele, ingawa bado ukiwa kinyume, bila kuinua kazi, jambo ambalo ningemshauri kila anayeanza.

Wapo wanaodharau uchoraji wa aina hii kwa kuwa unarudia mada zilezile. Mimi sikubaliani nao. Msimuliaji harudii kisa kwa kukosa kingine, na mchoraji anayebadilisha farasi, silaha na masharubu kwa kupenda upya humnyima mtazamaji alama za kumtambulia shujaa wake. Uhuru wa al-Tinawi umo katika maua, mapambo ya tandiko na rangi, nami nimejiwekea mpaka huohuo.

Kwa Abla zimebaki nguo na usuli, yaani sehemu inayomzunguka nyuma yake. Sehemu za taji na mshipi wake nimeziacha wazi ili nipachike karatasi ya kung'aa kwa nyuma. Rangi ya mafuta hukauka polepole kwa kuwa kioo hakinywi kitu, kwa hiyo usuli utasubiri. Wakati huo nitaanza kioo cha al-Zir Salim, ambaye kisa chake cha kulipiza kisasi cha ndugu yake Kulayb kina watu wengi zaidi, na kwa hiyo majina mengi zaidi ya kuandika kinyume.